Kiti cha Baiskeli, Pembe za Fahali

Moja ya sanamu mashuhuri za karne ya 20 ni ndogo kiasi cha kubebwa kwapani. Urefu wake ni sentimita 33.5, upana wake sentimita 43.5, na vitu vilivyoiunda ni viwili tu: kiti cha baiskeli na usukani. Kiti kimesimamishwa wima, ile ncha nyembamba ya mbele ikaelekezwa chini. Usukani umekazwa nyuma ya sehemu pana ya kiti, mikono yake ikipanda na kujipinda. Hakuna jicho lililochorwa, hakuna sikio, hakuna tundu la pua. Hata hivyo mtu yeyote aliyewahi kusimama mlangoni pa zizi hahitaji kuambiwa anatazama nini. Ni fahali, tena fahali aliyekonda, mwenye uso mrefu na mkavu.

Pablo Picasso aliitengeneza Paris mwaka 1942 akaiita Kichwa cha Fahali. Baadaye ikasubiwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na tangu hapo imekuwa mfano wa kwanza kutajwa kila panapozungumzwa sanaa ya kukigeuza kitu cha kila siku kuwa kiumbe hai. Aghalabu hutajwa kama mzaha wa mtu mwenye kipaji. Mtazamo huo unaidhulumu sanamu yenyewe, na unadhulumu pia ukoo wake mrefu, ambao sehemu yake kubwa iko Afrika na tawi lake moja limefika hadi kisiwa cha Pate.

Mwaka wenyewe haukuwa wa mzaha. Paris ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Picasso, Mhispania asiyetakiwa na utawala wa Franco kwao wala kupendwa na Wanazi, alikuwa amejifungia katika karakana yake ya mtaa wa Grands-Augustins. Tarehe 27 Machi 1942 alifariki rafiki yake Julio González huko Arcueil, nje kidogo ya mji, na Picasso akaenda kumzika. Inasimuliwa kwamba sanamu hii ilizaliwa siku zile zile za msiba.

González anastahili kusimuliwa zaidi ya anavyosimuliwa. Alikuwa mwana wa fundi wa metali wa Barcelona, akalelewa kwenye nyundo na moto. Mwaka 1918 alijifunza kuchomelea kwa gesi katika kiwanda cha magari cha Renault, kazi ya kibarua kabisa. Miaka 10 baadaye, Picasso alipotaka kutengeneza sanamu za chuma na mikono yake haijui chuma, ni González aliyemfunza. Mchoraji aliyekuwa tayari na jina duniani kote alisimama pembeni ya fundi akamtazama anavyounganisha fito. Bila mafunzo hayo, kiti na usukani vingebaki vitu viwili katika lundo la vyuma chakavu.

Kuhusu lundo hilo, Picasso mwenyewe alimsimulia mpigapicha Brassaï. Alikuta kiti kikuukuu cha baiskeli na usukani wenye kutu katika rundo la vitu vilivyotupwa, na kabla hata hajafikiri, kichwani mwake vikawa vimeshaungana. Kilichobaki ni kuvichomelea. Ni maelezo mafupi, na wasomaji wengi huyachukua kama ushahidi kwamba hakuna kazi iliyofanyika.

Kazi ipo, lakini imo katika kujizuia. Mtu mwingine, akiisha kuona uso wa fahali ndani ya kiti, angetaka kuukamilisha: angetia misumari miwili iwe macho, angepasua ngozi iwe mdomo, angepaka rangi. Kila kimoja kati ya hivyo kingeua kiti, na kiti kikifa fahali naye hana pa kukaa. Picasso alisimama mahali ambapo vitu vyote viwili vinaonekana kwa nguvu sawa. Waswahili husema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa baiskeli na ng'ombe dume wamekaa pamoja kwa zaidi ya miaka 80, na hakuna aliyemtoa mwenzake.

Ndipo linapokuja suala la bronzi. Kwa nini aipeleke kwenye kiwanda cha kusubu metali kazi iliyokwisha kukamilika kwa ngozi na chuma? Sababu ya kwanza ni umri: ngozi huliwa na wadudu, chuma huliwa na kutu. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ngozi ina rangi yake na ulaini wake, chuma kina baridi yake na mng'ao wake, na jicho la mtazamaji huvitenganisha mara moja. Vikisubiwa pamoja, mpaka kati yao hufutika. Vinakuwa mwili mmoja, wenye rangi moja na uzito mmoja, kama vile pembe na fuvu vilivyo mwili mmoja.

Picasso aliifurahia nguvu hiyo ya bronzi na papo hapo akaiogopa. Alisema kwamba hatari yake ni kuunganisha mno, hadi mtazamaji aone fahali peke yake na kukisahau kiti; siku hiyo ikifika, sanamu itakuwa imepoteza sehemu ya nguvu yake. Akawaza pia safari ya kurudi: siku moja mtu aiokote, aangalie zile pembe, aseme kwamba zingemfaa kuwa usukani wa baiskeli yake. Ni wazo la mtu aliyeheshimu vitu alivyovitumia. Hakudai kwamba amekipandisha kiti cheo kwa kukifanya mnyama. Kwake kiti kilikuwa na haki ya kuwa kiti tena.

Kusubu bronzi Paris mwaka 1942 au 1943 hakukuwa jambo la kwenda dukani na kuagiza. Oktoba 1941 serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilitoa sheria ya kuondoa sanamu za metali katika maeneo ya umma ili ziyeyushwe. Sanamu nyingi za Paris ziling'olewa kwenye nguzo zake, miongoni mwao ile kubwa ya Victor Hugo. Shaba ilitakiwa vitani. Wakati huo huo, kwa mujibu wa waliokuwa karibu na Picasso, kazi zake za plasta zilisukumwa usiku kwa mikokoteni hadi kwa mafundi, zikarudi zikiwa bronzi, na doria za Wajerumani zikipita barabara hizo hizo. Yaani mji ulipokuwa ukiyeyusha waandishi na wanafalsafa wake, mtu mmoja alikuwa akiifanya metali hiyo hiyo ishike umbo la kiti cha baiskeli. Kuna ukaidi mkubwa katika tendo hilo, na ni mzuri kuliko risala nyingi za kisiasa za kipindi kile.

Vita ilipoipa Paris nafasi ya kupumua, Oktoba 1944, Picasso alipewa chumba chake katika maonyesho makubwa ya vuli. Alileta michoro 74 na sanamu tano, Kichwa cha Fahali ikiwamo. Haikupita hata wiki, kundi la watazamaji lilivamia likaanza kung'oa kazi ukutani na kudai fedha zao. Sehemu ya hasira hiyo ilikuwa ya siasa, kwa kuwa siku hizo hizo ilitangazwa kwamba Picasso amejiunga na Chama cha Kikomunisti. Lakini sehemu nyingine ni ile inayosikika hadi leo katika kila ukumbi wa maonyesho, Nairobi au Dar es Salaam: hata mwanangu angeweza kufanya hivi.

Hoja hiyo ijibiwe kwa heshima, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mtoto anaweza. Watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakitengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya vizibo vya soda tangu soda zilipofika vijijini. Kinachomtofautisha msanii ni kwamba haachi kufanya hivyo akishakua, na kwamba anaongeza subira ambayo mtoto hana.

Subira hiyo inaonekana vizuri Vallauris, mji wa wafinyanzi kusini mwa Ufaransa, ambako Picasso alihamia baada ya vita. Françoise Gilot, aliyeishi naye na kuzaa naye watoto wawili, ameeleza jinsi alivyokuwa akipita jalalani kila siku njiani kwenda karakana, akiokota hiki na kile na kukitupia katika gari kuukuu la kusukumia mtoto. Ameeleza pia jambo ambalo ngano ya kipaji cha ghafla hulisahau: mara nyingi wazo lilitangulia, na vitu vikatafutwa baadaye. Kwa Mbuzi Jike wa mwaka 1950, Picasso alijua anataka mbuzi mwenye mimba. Akatafuta. Kuti la mtende alilokuwa ameliokota zamani likawa uti wa mgongo. Tenga likawa tumbo na mbavu. Vyungu viwili vya udongo vikawa kiwele. Mapengo yakazibwa kwa plasta, na mwaka 1952 akasubiwa. Si sanamu ndogo, kimo chake kinapita mita moja, lakini mtu akimzunguka na kufika ubavuni, ule msuko wa tenga bado unaonekana ndani ya bronzi, ufito juu ya ufito.

Mwaka 1951 mchuuzi wa sanaa wa Picasso, Daniel-Henry Kahnweiler, alimpa Claude, mtoto wa Picasso na Gilot, zawadi ya magari mawili ya kuchezea. Claude alikuwa na umri wa miaka minne. Baba akayachukua, akalilaza moja kifudifudi chini ya jingine, na hapo kikatokea kichwa cha nyani: kioo cha mbele ni macho, boneti ni pua ndefu, na ule mwanya kati ya gari la juu na la chini ni mdomo uliofumbwa nusu. Tumbo la mviringo ni mtungi. Masikio ni vishikio vya kikombe. Mkia ni kipande cha springi ya gari la kweli. Juu ya kifua amepakatwa mtoto mdogo, aliyefinyangwa kwa mkono, akimng'ang'ania mama. Nyani Jike na Mtoto Wake ilisubiwa mwaka 1955. Kimo chake ni kama sentimita 53.

Anayemtazama yule nyani kwa muda mrefu ataona kwamba uhai hauko kwenye magari. Uko kwenye namna kichwa kilivyonyanyuliwa juu, kama mama anayesikiliza kitu ambacho mtoto hajakisikia. Magari yanachekesha kwa dakika moja. Baada ya hapo kinachobaki ni ule mkao.

Jina la Kahnweiler lishikwe hapo hapo, kwa maana ndiye pia aliyeandika kuhusu deni ambalo Picasso alikuwa nalo Afrika Magharibi. Mwaka 1907 Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro na kukutana na vinyago vya Kiafrika. Yanayosemwa kuhusu siku hiyo huishia kwenye nyuso za wanawake katika mchoro mmoja maarufu. Deni kubwa zaidi lilikuja miaka michache baadaye, kupitia kinyago cha Wagrebo, watu wa mpakani mwa Liberia na Côte d'Ivoire. Katika kinyago hicho uso ni ubao bapa. Macho hayakuchimbwa ndani. Ni silinda mbili za mti zinazochomoza nje. Midomo ni vipande vya mti vilivyolala sambamba. Hakuna hata kimoja kinachofanana na jicho au mdomo, na bado vyote kwa pamoja ni uso, wenye mamlaka ya kutisha. Kahnweiler alieleza kwamba hapo ndipo Picasso alipopata ruhusa ya kutengeneza Gitaa lake la mwaka 1912, ambalo tundu lake la sauti ni silinda inayochomoza badala ya shimo.

Hilo ndilo somo lililozaa Kichwa cha Fahali miaka 30 baadaye. Kitu hakihitaji kufanana na jicho ili kiwe jicho. Kinahitaji kukaa mahali pa jicho. Mchongaji wa Kigrebo ambaye jina lake halikuandikwa popote alilijua hilo kabla ya Paris, na kila kitabu cha shule kinachofundisha fahali wa Picasso bila kumtaja mchongaji huyo kinafundisha nusu ya habari.

Nusu nyingine inang'aa zaidi kwa Waakan, katika nchi ambazo leo ni Ghana na Côte d'Ivoire. Kwa takriban miaka 500, hadi mwishoni mwa karne ya 19, fedha yao ilikuwa vumbi la dhahabu, na kila mfanyabiashara alitembea na mizani yake na mfuko wa mawe ya kupimia. Mawe hayo, abrammuo kwa lugha yao, hayakuwa mawe. Yalikuwa sanamu za shaba njano, nyingi zikiwa na urefu wa sentimita mbili hadi tano: ndege anayegeuza shingo kutazama nyuma, samaki, nge, mamba, viti vya enzi, ngao, kandambili, mtu na ngoma yake. Chombo cha sokoni, kilichoshikwa kila siku na vidole vyenye jasho, kilikuwa wakati huo huo mnyama.

Njia ya kuzisubu ilikuwa ya nta. Fundi alifinyanga umbo kwa nta ya nyuki, akachora manyoya au magamba kwa kijiti, akaongeza kimkia cha nta ambacho kingekuwa mfereji. Akaifunika kwa udongo laini uliochanganywa na unga wa mkaa, tabaka baada ya tabaka, akaacha ikauke. Ilipotiwa motoni nta iliyeyuka na kutoka, ikaacha ndani ya kalibu pango lenye sura yake. Shaba iliyoyeyuka ikamiminwa humo. Ilipopoa, kalibu ilivunjwa. Kwa hiyo kila sanamu ilikuwa ya pekee: kalibu imevunjika, nta imekwisha, na ikiwa metali haikufika kwenye ncha ya mdomo wa ndege, fundi alianza upya.

Lakini mara nyingine hakufinyanga chochote. Alichukua karanga yenyewe na ganda lake, au mbawakavu, au mbegu, au ukucha wa kuku, akaipaka udongo moja kwa moja na kuitia motoni. Kitu halisi kiliungua hadi majivu, na shaba ikaingia katika nafasi kilichoiacha. Karanga ya shaba inayopatikana ina kila mkunjo na kila kishimo cha ganda lake, kwa kuwa ni ganda lenyewe lililopisha metali. Hii ni safari ya Picasso ikiendeshwa kinyume: yeye alichukua chombo akakifanya kiumbe, Mwakan alichukua kiumbe akakifanya chombo cha kupimia. Wote wawili walielewa kwamba kusubu kuna uwezo wa kukipokea kitu kama kilivyo, bila mkono wa msanii kukirekebisha.

Zamani zaidi, karne ya 9 au karibu na hapo, mafundi wa Igbo-Ukwu mashariki mwa Nigeria walisubu kwa bronzi mtungi uliozungushiwa wavu wa kamba. Kila fundo la kamba ni metali. Walisubu pia kombe la konokono wa baharini, wakampandisha chui juu yake, na wakaunyunyizia mwili wa kombe hilo wadudu wadogo kama nukta. Vitu hivyo viliibuka ardhini kuanzia mwaka 1938, mwenye nyumba alipokuwa akichimba shimo la maji, na watafiti wa Kizungu wa wakati huo walihangaika kuamini kwamba ni kazi ya wenyeji. Ni kazi ya wenyeji. Na mtungi wa maji uliofungwa kamba ni kitu cha kila siku kama baiskeli.

Pwani ya Waswahili nayo haikukaa pembeni. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate katika kaunti ya Lamu, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 uliibua simba mdogo wa bronzi anayeenea kiganjani. Amesubiwa kwa njia ya nta, yapata mwaka 1100. Horton na mwenzake Richard Blurton walipochapisha taarifa yake mwaka 1988 walionyesha kwamba mtindo wake una nasaba na kazi za India. Uchambuzi wa metali yake ulizua pendekezo la kusisimua zaidi: huenda shaba yake ilitoka kwenye sarafu za Kichina zilizoyeyushwa. Sarafu hizo, zenye tundu la mraba katikati ili zipitishiwe uzi, zilifika kweli kwenye mwambao huu. Hazina yake moja ilifukuliwa Kajengwa, Makunduchi, Unguja, mwaka 1945.

Ikiwa pendekezo hilo ni sahihi, basi miaka zaidi ya 800 kabla ya kiti cha baiskeli, kulikuwa na mtu aliyeshika fungu la sarafu zilizopita mikono mingi kutoka China, akaamua kwamba zinafaa zaidi kuwa simba. Tofauti na Picasso, hakuacha alama ya sarafu ionekane. Haieleweki kwa nini simba huyu, aliyekusanya China, India na Afrika katika mwili wa vidole vichache, si picha ya jalada la kila kitabu cha historia cha darasa la sita kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Badala yake, mtoto wa Afrika Mashariki akisikia neno bronzi huwaza mambo mawili: medali ya mshindi wa tatu na sanamu ya mtu mkubwa. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927 na kusubiwa Uingereza. Jomo Kenyatta aliyeketi katika uwanja wa jumba la mikutano la KICC, kazi ya Mwingereza James Butler ya mwaka 1973. Dedan Kimathi wa mwaka 2007, jijini Nairobi, aliyestahili sanamu hiyo nusu karne kabla ya kuipata. Hakuna ubaya kuwakumbuka askari na viongozi. Ubaya ni kuifanya metali hii kuwa mali yao peke yao, iwekwe juu ya nguzo ambako hakuna mkono unaofika. Bronzi ndogo inataka kushikwa. Uzito wake usiotarajiwa mkononi, na ile baridi inayogeuka joto taratibu kutokana na damu ya mshikaji, ni sehemu ya maana yake.

Wenye kipaji cha kuona kiumbe ndani ya chombo hawajapungua. Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1984, amejulikana duniani kwa miwani anayounda kwa waya, vizibo na vyuma alivyookota, na ametengeneza pia mfululizo wa kazi zitokanazo na baiskeli zile nzito ambazo Wakenya huziita Black Mamba, ambazo pikipiki za bodaboda zinazifuta barabarani. Francis Nnaggenda wa Uganda aliunganisha mti na vipande vya vyuma chakavu miongo mingi kabla ya neno urejelezaji kuingia katika hotuba za mawaziri. Huko Msumbiji, Gonçalo Mabunda anaunda vinyago na viti vya enzi kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita iliyokwisha mwaka 1992.

Kazi hizi zikiandikwa magazetini, aghalabu huwekwa chini ya kichwa cha habari cha mazingira: msanii ageuza takataka kuwa mali. Ni sifa inayomshusha anayesifiwa. Hakuna anayemsifu Picasso kwa kupunguza taka za Vallauris. Kabiru anapochagua gurudumu, halichagui kwa kuwa limetupwa. Analichagua kwa kuwa ameona ndani yake kitu ambacho sisi wengine tulikipita. Wahariri wa kurasa za sanaa wanaweza kulirekebisha hili wiki ijayo, bila bajeti yoyote.

Bronzi yenyewe ni suala jingine, na hapa hoja ya gharama huletwa haraka. Ipimwe basi. Sanamu ya ukubwa wa ngumi, iliyo tupu ndani kama zinavyosubiwa nyingi, haihitaji hata kilo mbili za metali. Metali hiyo ipo: kila lundo la vyuma chakavu lina koki kuukuu, kufuli zilizovunjika na rejeta za magari zenye shaba ndani yake. Ustadi nao hauko mbali. Mafundi wa jua kali katika miji yetu wanasubu sufuria za alumini katika kalibu za mchanga kila wiki. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Bronzi ya kawaida inataka kama 950, pamoja na joto la ziada ili itiririke vizuri. Ni tanuri bora zaidi na tahadhari kubwa zaidi, lakini si elimu ya sayari nyingine. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na wa Gerezani, Dar es Salaam, wanazo nyundo, wanazo mashine za kuchomelea, na wana vijana wanaoweza kutengeneza karibu kitu chochote wakionyeshwa mfano.

Kuna tatizo moja la kweli, nalo ni wizi. Shaba huibwa. Januari 2022 Kenya ilifikia hatua ya kusimamisha kwa muda biashara nzima ya vyuma chakavu baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, na sanamu ndogo isiyo na mlinzi bustanini inaweza kutoweka usiku mmoja. Jibu ni kuiweka mahali penye macho ya watu: maktaba, ukumbi wa shule, chumba cha kungojea cha zahanati, ofisi ya posta. Huko ndiko inakofaa hata hivyo, kwa kuwa huko ndiko watu hukaa wakisubiri, na anayesubiri ana wakati wa kutazama kitu hadi kianze kumtazama.

Vyuo vinavyofundisha sanaa, Makerere, Kenyatta na Dar es Salaam, vingeweza kuanza kwa jambo moja: kumwalika fundi wa sufuria darasani, alipwe kama mkufunzi, asimame mbele ya wanafunzi wa uchongaji kama González alivyosimama mbele ya Picasso. Wanafunzi walete kalamu, kibatali, jembe lililovunjika mpini, pasi ya mkaa, kifuu. Wavitazame bila haraka ya kuvibadilisha. Kisha wajenge tanuri moja dogo na wajaribu.

Na halmashauri yoyote ya mji, au serikali ya kaunti, inayopanga kuagiza sanamu nyingine ya kiongozi ikae na mafundi wake kwanza na kuwauliza metali ile ile ingetosha kusubu sanamu ngapi za kuwekwa katika shule za msingi za mji huo, zikatolewa sandukuni mbele ya watoto, na watoto wakaruhusiwa kuzishika. Lamu ianze, na wa kwanza kusubiwa awe nakala ya simba wa Shanga.